Nani Amekengeuka? Kitenzi "Alienate" katika Sheria na katika Uhakiki Wetu

Katika kusahihisha karatasi za mtihani wa tafsiri nilikutana na aya moja ambayo haijanitoka akilini. Watahiniwa walipewa kifungu cha Kiingereza juu ya historia ya ardhi katika nyanda za juu za Kenya, wakatakiwa wakitie katika Kiswahili sanifu. Kifungu kilieleza mambo mawili yaliyokwenda sambamba: kwanza, ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi, pili, maeneo yaliyowekwa kando ili Waafrika wakae humo. Katika jambo la kwanza kifungu kilitumia kitenzi "alienate". Katika la pili kilitumia kitenzi kingine kabisa. Mtahiniwa mmoja, wala si katika wanyonge wa darasa, akaandika "ardhi iliyotengwa" mahali pa kwanza, na "ardhi iliyotengwa" mahali pa pili. Msomaji asiyeijua historia angeondoka hapo akiamini kwamba mlowezi na mwenyeji walipewa ardhi ya namna moja, kwa tendo moja, na serikali iliyowaonea wote huruma sawasawa.

Haingekuwa haki kumtwika mtahiniwa huyu lawama yote. Katika uhakiki wa fasihi yetu kitenzi hicho cha Kiingereza, pamoja na nomino yake, kimekwisha kupewa majina kadha wa kadha: utengano, ufarakano, ukengeushi, na pengine upweke. Majina haya hutumiwa kwa kubadilishana, kana kwamba ni nguo za mtu mmoja ambazo huvaliwa hii leo na ile kesho. Nia ya makala haya ni kukichungua kitenzi chenyewe, maana zake na matumizi yake, kisha kuuliza ni lipi katika majina hayo lenye haki ya kusimama badala yake, na wapi. Dai langu ni kwamba kitenzi hiki, katika asili yake, ni kitenzi cha milki. Ugeni na uchungu unaotajwa nacho ni matokeo ya jambo lililotangulia, nalo ni kwamba kitu kimefanywa kuwa cha mwingine. Tafsiri inayosahau milki hubaki na uchungu usio na sababu.

Tuanze na asili. Katika Kilatini, "alius" ni mwingine, "alienus" ni -a mwingine, na kitenzi "alienare" ni kukifanya kitu kuwa cha mwingine. Hapana huzuni yoyote katika hayo. Ni maneno ya sokoni na mahakamani. Sheria ya Uingereza ya zama za kati ilishughulika sana na tendo hili. Mwaka 1279 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria ya kuzuia ardhi isiingie mikononi mwa taasisi za Kanisa, ambazo hazikufa wala hazikuacha warithi, na kwa hiyo ardhi ikiingia huko haikutoka tena. Mwaka 1290 sheria nyingine ikawaruhusu wenye kushika ardhi kwa uhuru kuihamishia kwa mtu mwingine bila kumwomba idhini bwana aliye juu yao, isipokuwa wale walioishika moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Katika mabishano hayo yote anayetenda ni mwenye mali, kinachotendwa ni mali, na anayepokea ni mtu wa tatu. Yapasa tulikumbuke jambo moja ambalo litatufaa mbele: kwa mujibu wa sheria, hawezi kuihamisha mali ila yule ambaye mali ni yake.

Kutoka kwenye mali kitenzi kilihamia kwenye watu. Moyo wa mtu nao ukafikiriwa kuwa kitu chenye kumilikiwa, ambacho chaweza kutolewa kwa huyu kikapewa yule. Mpaka leo katika jimbo la North Carolina, Marekani, mume au mke aweza kumshtaki mtu wa nje kwa kosa la kuyahamisha mapenzi ya mwenziwe, na kudai fidia kama aliyeibiwa. Akili pia ilihesabiwa kuwa mali. Katika karne ya 19 Waingereza na Wafaransa walimwita tabibu wa wendawazimu kwa jina lililotokana na shina hili hili, kwa maana mgonjwa alikuwa amekuwa mgeni kwa nafsi yake. Kiswahili hakiko mbali, maana nasi husema fulani amerukwa na akili, na anayeondoka katika msemo huo ni akili, mwenyewe akabaki.

Kuna kitenzi jirani, "estrange", ambacho wengi hukichukulia kuwa pacha wa kile cha kwanza. Hiki nacho ni cha asili ya Kilatini, kilichopitia Kifaransa, lakini shina lake lina maana ya aliye nje, si ya mali ya mwingine. Ndiyo sababu Mwingereza hakitumii kwa shamba wala nyumba. Hukitumia kwa mke na mume walioachana bila talaka, au mwana asiyesemezana na babaye, na aghalabu katika umbo la kutendwa. Tofauti hii ni ndogo machoni, lakini ndiyo mwiba wa suala letu. Kitenzi kimoja kina mlango wa kuingilia mahakama ya ardhi na kingine hakina.

Sasa tuvitazame vitenzi vyetu, maana kila kimoja kina tabia yake.

Kutenga ni tendo la makusudi. Anayetenga anajua anachokifanya: mzazi hutenga fedha za karo, kanisa humtenga mshirika aliyekosa, kijiji humtenga mchawi. Kwa hiyo mtu akisema mwanasiasa fulani "amewatenga wafuasi wake" kwa hotuba yake, huku akifuata kitenzi cha Kiingereza, amekosea maradufu. Mwanasiasa hakukusudia kumpoteza mtu yeyote. Tena waliotenga, kama pana waliotenga, ni wafuasi. Kiingereza humweka kwenye kiima yule aliyesababisha, hata kama alisababisha bila kujua. Kiswahili hupenda kumpa kiima yule aliyeudhika: wafuasi wamemsusa, wamemzira, wamempa kisogo. Mfasiri mwenye sikio atageuza sentensi nzima badala ya kutafuta kitenzi kimoja cha kujaza pengo.

Kufarakana ni neno zuri, ila umbo lake la kutendana linataka watu wawili, na linawagawia lawama wote wawili. Mume na mke hufarakana. Ndugu hufarakana kwa ajili ya urithi. Sijapata kusikia mtu akisema amefarakana na shamba lake. Kufitini humtaka mtu wa tatu, na kwa kesi ile ya North Carolina neno hili latosha, pengine lazidi hata neno la mahakama yao, kwa kuwa lina harufu ya uovu ambayo lile halina.

Linabaki neno mgeni lenyewe. Baadhi ya wenzangu wamependekeza tuseme "kumfanya mtu mgeni". Kwa bahati mbaya, au tuseme kwa bahati njema, mgeni katika Kiswahili si yule anayehofiwa tu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Niliporudi nyumbani baada ya miaka ya masomo ng'ambo nilipewa kiti kilichokuwa kikiwekwa kwa ajili ya wageni, na chakula kikapakuliwa kwangu kwanza. Nilikaa juu ya kiti kile nikijua kwamba heshima niliyopewa ilikuwa pia hukumu. Lakini ndivyo ilivyo: neno letu lina heshima na hukumu kwa pamoja, hali lile la Kiingereza limebaki na hukumu peke yake. Kulitumia kwa tafsiri bila maelezo ni kutia sukari mahali pasipostahili.

Turejee kwenye ardhi, ambako suala hili lina uzito zaidi ya mahali pengine popote. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali kuuza ardhi na kuikodisha kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikarefusha muda hadi miaka 999, na, kubwa kuliko hilo, ikapanua maana ya ardhi ya Mfalme hata ikaingiza humo ardhi waliyokuwa wakiikalia Waafrika. Kwa nini maana ipanuliwe? Jibu limo ndani ya kitenzi chetu. Tumekwisha kusema kwamba hawezi kuihamisha mali ila mwenyewe. Ili mtawala apate kuandika kwamba amemhawilishia mlowezi ardhi, ilimbidi kwanza aandike kwamba ardhi ni yake. Kitenzi kile, kila kilipotumiwa katika hati, kilikuwa kikishuhudia dai hilo kimyakimya. Haikuhitajika kumtaja mtu aliyekuwa akilima pale. Hukumu ya mahakama ya mwaka 1921 ndiyo iliyomtaja: ikatamka kwamba wenyeji wamekuwa wapangaji tu, wa kukaa kwa ridhaa ya Mfalme.

Mfasiri afanyeje basi? Wako watakaotaka aseme "ardhi iliyonyakuliwa" au "iliyoporwa", na kwa upande wa historia sina ugomvi nao. Lakini hiyo ni hukumu ya mwanahistoria. Katika hati ya sheria neno hilo halimo, na mfasiri akilitia atakuwa amemsaidia mkoloni kuficha hila yake. Ubaya wa hati ile ni kwamba haikusema imepora. Ilisema imehamisha, kama mtu anayegawa kilicho chake. Napendekeza kitenzi kuhawilisha, ambacho ni ndugu wa hawala tunayoijua sote katika biashara ya fedha. Na pale inapotakiwa kumtaja aliyepokea, kumilikisha. Basi "ardhi iliyohawilishwa kwa walowezi" iwe upande mmoja, na "ardhi iliyotengewa Waafrika" iwe upande wa pili. Wamasai walioondolewa katika Bonde la Ufa kwa mapatano ya mwaka 1904, kisha wakaondolewa Laikipia kwa mapatano ya mwaka 1911, walitengewa, hawakuhawilishiwa chochote. Vitenzi viwili hivyo vikiunganishwa kuwa kimoja, nusu ya historia ya Kenya hufutika.

Wala hili si jambo la kale. Sheria za Kenya baada ya uhuru ziliendelea kutumia istilahi hiyo hiyo kwa ardhi ya Serikali ambayo haijagawiwa mtu, na Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, imeitumia katika kueleza ardhi ya umma ni ipi. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwananchi anayo haki ya kuisoma sheria ya ardhi kwa lugha hii. Akisoma kwamba ardhi ya umma ni ile "isiyotengwa", atafahamu nini? Huenda akafahamu kinyume: kwamba msitu uliotengwa kwa ajili ya hifadhi si wa umma. Aseme mfasiri "ardhi ya Serikali ambayo haijamilikishwa mtu", ingawa ni maneno mengi.

Kwa upande wa haki za binadamu kosa huwa la namna nyingine. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, na Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, yote mawili yanazitaja haki kwa kivumishi kinachotokana na kitenzi chetu pamoja na kikanushi. Tukitafsiri kwamba ni haki "zisizoweza kuondolewa" tumesema nusu. Tumemzuia mwingine asizichukue, lakini hatujamzuia mwenyewe asiziuze. Maana kamili ni kwamba hata mwenye haki hawezi kuitoa kwa hiari yake: hawezi kujiuza utumwani na mauzo yakasihi. Anayedhani dhana hii ni ngeni kwetu na atembee Mombasa au Lamu aulize habari za mali ya wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi hiba, wala hairithiwi. Hata aliyeiweka hana tena mkono juu yake. Watu wa pwani wameijua mali isiyohawilishika tangu kabla hajaja afisa wa kwanza wa ardhi.

Sasa tuingie katika uhakiki. Katika hati alizoziandika mjini Paris mwaka 1844, ambazo hazikuchapishwa kwa ukamilifu hadi mwaka 1932, Karl Marx alieleza jinsi mfanyakazi anavyokuwa mgeni kwa kile anachokizalisha, kwa tendo lenyewe la kufanya kazi, kwa utu wake, na kwa binadamu wenziwe. Alitumia maneno mawili ya Kijerumani, "Entäusserung" na "Entfremdung". La kwanza lina maana ya kukitoa kitu nje ya nafsi, na katika sheria ni kukiuza au kukihamisha. La pili ni kuwa mgeni. Martin Milligan, aliyezitafsiri hati hizo kwa Kiingereza mwaka 1959, alijitahidi kuyaweka mbali: "alienate" kwa la kwanza, "estrange" kwa la pili. Wengi waliomfuata hawakujali, wakaikusanya dhana yote chini ya neno moja.

Mpangilio wa Marx ni muhimu. Mfanyakazi huuza nguvu zake. Kwa kuwa ameziuza, kinachotoka mikononi mwake ni cha mwingine. Kwa kuwa ni cha mwingine, humsimamia mbele yake kama mgeni na hata kama adui. Mauzo hutangulia, ugeni hufuata. Wachumi wa Kiingereza waliomtangulia, kama James Steuart katika karne ya 18, walilitumia neno hilo kwa maana ya kuuza tu, na Marx aliwasoma.

Je, "ukengeushi" unabeba lipi katika haya? Kukengeuka ni kuiacha njia iliyonyooka. Kiima chake ni mtu mwenyewe: yeye ndiye aliyepinda, na njia imebaki pale pale ikimngoja. Ni neno la mwalimu wa maadili, na katika kazi hiyo ni neno bora. Lakini mhakiki anayejiita mfuasi wa Marx anapoandika kwamba mhusika "amekengeuka", amehamisha kesi nzima kutoka kwa mwajiri, shule na soko, akaiweka juu ya kichwa cha mshtakiwa aliye peke yake kizimbani.

Chukueni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto, msimulizi wake, ni kijana wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe na kukuta kwamba haingii tena sawasawa katika maisha ya watu wake, na mwisho anajiua. Ni rahisi kumwita mkengeushi. Ana kiburi, na mwandishi hakuficha dosari zake. Lakini swali linaloulizwa na kitenzi cha Kiingereza ni jingine: ni nani aliyemhawilisha? Kijana huyu alitolewa kwao kwa idhini ya wote, na kwa fahari ya wote, akakabidhiwa shule. Na shule ile ilipommaliza haikuwa na njia ya kumrudisha. Neno "ukengeushi" halituruhusu hata kulikaribia swali hilo. Sisemi kwamba jibu lake ni kumwondolea Kazimoto lawama. Nasema tu kwamba mhakiki hana ruhusa ya kulijibu kwa kuchagua istilahi kabla hajakifungua kitabu.

Kwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, mambo ni tofauti, na jina la riwaya ni sahihi kabisa. Bwana Maksuudi humfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba. Kutenga kule ni kwa makusudi, tena kwa komeo. Kosa lilikuja pale wahakiki walipolichukua jina la riwaya hii, lililotosha mahali pake, wakalifanya istilahi ya kila mahali.

Niseme kwa ufupi juu ya Brecht, kwani naye ameumizwa na mkanganyiko huu. Neno lake, "Verfremdung", si lile la Marx. Yeye alitaka jambo tulilolizoea lionekane geni jukwaani, ili mtazamaji asilie tu bali ajiulize. Tafsiri za John Willett zililieneza kwa Kiingereza kwa neno lile lile "alienation", na hivyo tiba ikapewa jina la maradhi. Nimekwisha kusoma insha ya mwanafunzi iliyosema kwamba Brecht alikusudia kuwakengeusha watazamaji. Hapa Kiswahili kikiacha kupitia London kitasema wazi: kugeniisha mazoea. Kitenzi hicho hakijakomaa masikioni, nakubali, ila angalau hakimsingizii mtu.

Kwa dhana ya Marx na ya riwaya zetu nina pendekezo, nalo limo katika sarufi tuliyo nayo. Kinyume cha mgeni ni mwenyeji. Mwenyeji, ambalo wengi hulieleza kuwa ni mwenye mji, limejengwa juu ya -enye, shina lile lile la mwenye mali na mwenyewe. Yaani Kiswahili, bila kuazima kwa Kilatini, kimeunganisha kumiliki, kuwa nyumbani, na kuwa nafsi yako, katika shina moja. Mtu aliyepoteza shamba, kazi ya mikono yake, au lugha ya kwao, amepoteza uenyeji. Na kwa kuwa hupoteza kwa kuondolewa, tuseme amevuliwa uenyeji. Kitenzi kuvua kinamtaka mvuaji, na hapo swali la nani haliwezi kukwepwa. Hukumu ya mwaka 1921 iliwavua watu uenyeji kwa maana zote tatu kwa siku moja: iliwafanya wapangaji.

Najua pingamizi litakalotolewa. Istilahi hutakiwa kuwa neno moja, fupi, lenye kuingia katika faharasa. "Kuvuliwa uenyeji" ni maneno mawili, na nomino yake haiundiki kwa urahisi. Tena patakuwa na mahali ambapo uenyeji utaeleweka kwa maana ya uzawa tu, jambo ambalo katika siasa zetu lina hatari zake, na ambalo silitaki. Kwa sababu hizo silipendekezi kwa kila muktadha. Sheria na ibaki na kuhawilisha. Ndoa na zibaki na kufarakana. Ukengeushi urudishwe kwa waandishi wa mawaidha, ambao hawajaukosea.

Yule mtahiniwa nilimkata alama mbili. Baadaye nilikwenda rafuni nikaitoa tasnifu yangu ya shahada ya pili, ambayo ina muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne, nikahesabu mara ngapi nimeandika "utengano" nikimaanisha mambo matatu mbalimbali. Nilimrudishia moja.